Simu ya mkongwe hailii Julai: jibu langu kuhusu Westbrook, na kuhusu kaka yako

Mdogo wangu uliyeanzisha uzi, umeuliza mambo mawili na wachangiaji wamekujibu moja. La kwanza ni la Russell Westbrook, mchezaji wa kikapu wa NBA, ligi kuu ya Marekani: iweje mtu aliyekuwa MVP, yaani mchezaji bora wa ligi, mwaka 2017, aliyetoka kucheza mechi 75 pale Denver kwa wastani wa pointi 13, akae bila timu tangu Julai 2025 hadi katikati ya Oktoba ndipo Sacramento Kings wamchukue? Na mkongwe wa aina hiyo, aliyeshuka kiwango na mkataba umeisha, ana lake tena sokoni? La pili umelidokeza tu mwishoni: kaka yako ana miaka 34, amecheza Dar misimu tisa, msimu uliopita hakuitwa, na sasa yuko hapa Tanga anaishi na simu mkononi.

Nitajibu yote mawili, kwa sababu nimewahi kukaa alipokaa kaka yako, na baadaye nikahamia upande wa wale wasiopiga simu.

Tuanze na hela, maana wengi mmeandika kwamba wakongwe wa NBA wanakosa timu kwa kuwa ni ghali. Sivyo. Mchezaji mwenye misimu 10 na kuendelea, kima chake cha chini cha mshahara kwa msimu wa 2025-26 ni kama dola milioni 3.6. Lakini akisaini mwaka mmoja kwa kima hicho, timu yake inahesabiwa kama milioni 2.3 tu, sawa na mchezaji wa misimu miwili, na kinachozidi kinalipwa na ligi. Kanuni hiyo iliwekwa makusudi ili mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya miaka aliyoitumikia ligi. Kwa hiyo bei si tatizo. Tatizo ni kiti. Timu ina nafasi 15 za mikataba ya kawaida, na kocha kwa usiku mmoja anatumia watu tisa au kumi. Waliobaki wanakaa na fulana za mazoezi wakisubiri mwenzao aumie. Kwenye viti hivyo vya mwisho meneja anaweza kumweka kijana wa miaka 21 ambaye mwakani huenda akawa mtu, au mkongwe ambaye mwakani atakuwa na mwaka mmoja zaidi kwenye magoti. Mkongwe akitaka kile kiti lazima alete kitu ambacho kijana hana, na lazima akubali kwamba zinaweza kupita wiki mbili asiguse mpira kwenye mechi.

Halafu kuna kalenda. Soko linafunguliwa Juni 30 saa 12 jioni kwa saa za New York, ambayo huku kwetu ni saa saba usiku wa kuamkia Julai mosi. Tunaokesha tunajua: saa zile za kwanza ni za wakubwa. Wiki moja tu, pesa nene imekwisha. Katikati ya Julai zimebaki nafasi za kima cha chini, na hizo timu hazina haraka nazo. Agosti ni kimya kabisa. Mwishoni mwa Septemba kambi za mazoezi zinafunguliwa, mtu mmoja anateguka kifundo, mwingine anaonekana hajaiva, na hapo ndipo simu ya mkongwe inalia. Tena mkataba wenyewe mara nyingi hauna dhamana kamili hadi Januari. Wanaweza kukuacha kabla ya hapo bila kukulipa msimu mzima. Kwa hiyo mnaosema Westbrook alidhalilishwa kwa kusubiri hadi Oktoba, mimi sioni udhalilishaji. Oktoba ndiyo Julai ya wazee.

Ila kuna kitu kingine kilichomchelewesha, na hiki ndicho ninachotaka kaka yako akisikie.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 31, nacheza namba moja, yaani mpandisha mpira, kwenye timu ya Dar ambayo sitaitaja. Juni ya mwaka ule Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, mbele ya James Harden, mbele ya Stephen Curry. Mtoto wa Dar! Tulikuwa tunaifuatilia Memphis kama timu ya mtaa wetu. Ndiyo maana kisa cha Allen Iverson kilinipitia machoni: nilimfuata Thabeet, nikamkuta Iverson. Memphis walikuwa wamempa Iverson mkataba wa mwaka mmoja. MVP wa 2001, mtu aliyeongoza ligi kwa pointi mara nne, na wakati ule alikuwa na miaka 34, umri wa kaka yako. Kocha akamwanzisha benchi. Akacheza mechi tatu, zote akitokea benchi, hakuificha hasira yake, na Novemba hiyohiyo akaondoka. Desemba Philadelphia wakamrudisha nyumbani, akawachezea mechi 25. Mwaka uliofuata alikuwa Uturuki. NBA hakurudi tena.

Tulilijadili sana lile jambo pale Donbosco Upanga baada ya mazoezi, tumekaa kwenye ngazi tunavua viatu. Na mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Nilisema mbele ya wachezaji, mbele ya makocha wa timu nyingine waliokuwa wanapita, kwamba mtu wa hadhi haanzii benchi, bora avue jezi. Nilisema hivyo zaidi ya mara moja. Shika maneno hayo, nitayarudia.

Kushuka kwangu naikumbuka siku yake. Ilikuwa 2011, robo ya tatu, tunaongoza kwa pointi nne. Kijana wa timu pinzani akanijia na mpira. Nilishamsoma: bega la kulia limeshuka kidogo, mpira anaudundisha chini zaidi, anataka kupita kushoto kwake. Nilijua kabla hajaondoka. Nikautuma mguu. Mguu ukafika yeye yuko hewani. Shambulizi lililofuata akarudia vilevile, nami nikachelewa vilevile. Mara ya tatu nikamshika jezi. Filimbi ikalia, nikamgeukia mwamuzi nikilalamika, na mkono wangu mwingine ulikuwa bado umekamata kitambaa. Mwamuzi hakusema neno, aliutazama tu ule mkono.

Akili ilikuwa imefika na mguu haujafika. Watu wanadhani mkongwe anashuka kwa sababu amesahau mpira. Mimi sijawahi kuuona mpira vizuri kama mwaka ule. Nilikuwa naona pasi mbili mbele. Na ndiyo inayotesa, maana unajiona bado wewe ni yuleyule, unahesabu vitu ambavyo mwili hauwezi kulipa.

Goti la kulia gegedu lilikuwa limesagika, likawa linajaa maji kila baada ya mechi. Nikija Tanga nilikuwa naamka mapema naenda Deep Sea kununua barafu ya wavuvi, yale mabonge, nayavunja kwa tofali, naweka kwenye ndoo, naingiza mguu hadi juu ya goti. Ndoo nzima inanuka samaki. Nakaa hivyo uani nimeng'ata taulo hadi ganzi ianze. Marehemu mama alipita siku moja na ungo wake wa mchele, akasimama, akaniuliza, "Mwanangu, huo mguu unautengeneza kwa ajili ya nani?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia msimu unaanza mwezi ujao.

Msimu ulianza bila mimi. Orodha ya usajili ya 2012 ilitoka, jina langu halikuwamo, na hakuna aliyenipigia kuniambia. Nikajisemea timu ziko nyingi, watanitafuta. Kuanzia hapo nikawa kama kaka yako. Nilikuwa nalala na simu kifuani. Nikienda kuoga naiacha kwa mdogo wangu, namwambia ikilia namba ngeni aniite hata kama nina povu. Jioni nakwenda barabara ya 12 kunywa kahawa, watu wananiuliza, "Vipi, unarudi lini Dar?" Najibu wiki ijayo. Mji wetu huu wenyewe ndio wa waja leo waondoka leo, lakini mimi nilikaa mwaka mzima nikisema wiki ijayo.

Mwaka 2013 nilikutana stendi na kocha mmoja aliyekuwa anapanda basi kurudi Dar. Nilimheshimu sana, na nilijua timu yake ilikuwa inahitaji namba moja msimu ule wote. Nikamuuliza waziwazi: kocha, shikamoo, hivi niliwakosea nini mimi, au ni goti? Akaitikia, akaweka begi chini, akaniambia hivi, na nayakumbuka neno kwa neno:

"Goti tungelifunga bandeji. Nilitaka mtu wa dakika nane, awatulize watoto robo ya nne. Lakini ulishasema pale Upanga kwamba wewe benchi hukai. Ningekuita halafu nikukalishe, ungenivunjia timu."

Basi likaondoka. Mimi nilibaki pale stendi mpaka wauza machungwa ya Muheza wakaanza kufunga.

Yaani kazi ilikuwepo. Kazi ya dakika nane, inayonifaa kabisa, goti langu lingeiweza. Na niliifunga mwenyewe miaka kadhaa kabla, kwa mdomo, nikimtetea Iverson.

Tangu siku hiyo nimewaangalia wakongwe wa NBA kwa jicho lingine. Mtazameni Vince Carter. Mwaka 2000 hakuna aliyepaa kama yeye. Mechi ya nyota wa ligi, All-Star, aliitwa mara nane. Mtu wa aina hiyo angetegemea kuruka, angekuwa amemalizika akiwa na miaka 33. Yeye alifika Dallas 2011, baadaye akakubali kutokea benchi, akajijenga upya kuwa mtu wa pointi tatu na wa kukaba kwa akili. Mwaka 2014, ana miaka 37, akawafunga San Antonio kwa mtupo wa pointi tatu wa sekunde ya mwisho kwenye mtoano. Alistaafu 2020 akiwa na miaka 43, misimu 22, msimu wa mwisho anafunga wastani wa pointi tano tu pale Atlanta. Pointi tano! Na timu ilimtaka. Hakusubiri mwili umwambie apunguze, alijipunguza kabla, na kila meneja alijua anachonunua.

Carmelo Anthony alijifunza kwa maumivu. Novemba 2018 Houston walimweka pembeni baada ya mechi 10. Akakaa nje mwaka mzima, mfungaji mkubwa kama yule, anafanya mazoezi tu. Novemba 2019 Portland wakamwita kwa sababu walikuwa na majeruhi. Msimu wa kwanza akaanza kila mechi aliyocheza, msimu wa pili wakamwomba atokee benchi, akakubali. Hapo ndipo alipoongeza maisha yake kwenye ligi, akaenda Lakers, akastaafu 2023 kwa heshima zote. Udonis Haslem yeye alikaa Miami misimu 20, na ile ya mwisho alikuwa hachezi karibu kabisa, lakini hakuna kijana aliyeingia chumba kile cha kubadilishia nguo akachelewa mazoezi mara mbili. Chris Paul msimu wa 2024-25 alianza mechi zote 82 San Antonio akikaribia miaka 40, kwa sababu mchezo wake tangu ujana haukusimama juu ya mbio.

Sasa rudini kwa Westbrook. Mchezo wake wote umejengwa kwenye mguu na kwenye kushika mpira. Pointi tatu haijawahi kuwa silaha yake ya kutegemea. Kwa hiyo mguu ukipungua kidogo, kocha anajiuliza: nikimpa mpira nawanyang'anya vijana wangu, nisipompa anafanya nini? Hilo ndilo swali lililomkalisha hadi Oktoba, kwa maoni yangu. Mshahara haukuwa kikwazo, na MVP yake haikumsaidia wala kumdhuru. Nafasi ataendelea kupata, kwenye timu inayojenga, iliyopungukiwa na mtu wa kupandisha mpira, na itakuja kwa kuchelewa kila mwaka. Kwenye timu ya ubingwa sioni, isipokuwa aseme mwenyewe, hadharani, mapema, kwamba anaingia kwa dakika kumi na mbili za kukimbiza na kukaba basi. Mwili wake bado una nguvu za kuifanya kazi hiyo. Nampenda sana yule mchezaji, natamani aseme.

Na soko si NBA peke yake. Thabeet aliondoka kule 2014 akiwa na miaka 27 tu, hata mkongwe hajawa, na simu za NBA zikakata. Akaenda ligi ndogo, akaenda Japan, akaenda Taiwan, na kule mtu wa mita 2.21 anayezuia kikapu bado ni mali. Tulimcheka sana humu mitandaoni, na tulifanya vibaya. Mtu aliyekatwa kwenye ligi kubwa akaendelea kutafuta mahali anapohitajika anafanya kitu kigumu kuliko kufika kule.

Nilikuambia nimekaa pia upande wa pili. Mwaka 2019 nilikuwa kocha wa timu hapa Tanga, tunakwenda mashindano, fomu ina majina 12. Kumi na moja nilikuwa nayo. La mwisho walibaki wawili: kijana wa miaka 20 asiyejua hata kuweka skrini, yaani kumzibia njia mkabaji, sawasawa, na mkongwe niliyekuwa namheshimu tangu nasoma Usagara, mtu aliyenifundisha kupiga pasi ya mkono wa kushoto. Wiki mbili za mazoezi nilimwangalia. Mguu ulikuwa umekwenda, hilo nilitarajia, halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba kila siku aliniuliza swali lilelile: "Kocha, nani anaanza?" Kijana akikosea hamsogelei, anatikisa kichwa. Wakati wa kunywa maji anakaa peke yake na viatu vyake.

Nilisubiri aniambie neno moja, nipe hata dakika sita nitakushikia hawa watoto. Angelisema ningeandika jina lake palepale. Hakusema, na mimi kosa langu ni kwamba sikumwambia kuwa nalisubiri. Nikamwandika kijana. Nikamfuata mkongwe Raskazone jioni, nikamwambia ana kwa ana chini ya mwarobaini, nisimfanyie nilichofanyiwa mimi cha kusoma orodha. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishika mkono, akasema, "Haya kaka, sawa," na yeye ndiye mkubwa wangu. Akapanda baiskeli yake akaenda. Ni miaka sasa, na ile "kaka" bado inanichoma.

Kwa hiyo kwa kaka yako nina mambo ya kumwambia, na naomba umfikishie kama nilivyoyaandika. Aache kungoja timu imwambie yeye ni nani sasa. Ajipime mwenyewe kwa ukweli: bado anakaba nani? Anatupa wapi bila kubanwa na mpira unaingia? Akishapata jibu, awapigie yeye makocha, asisubiri, na awaambie kwa maneno mafupi anataka kazi gani na dakika ngapi. Asitaje alichofanya misimu tisa iliyopita, wanakijua. Na apige wakati timu zimeshaanza mazoezi na kocha ameona mapengo yake. Akipiga mwanzo wa usajili atakuwa anashindana na ndoto za kila mtu. Goti au kifundo kama kina shida asifiche, maana wachezaji wanasemana na kocha atajua tu, na akijua kwa mtu mwingine ndiyo basi.

Kama amewahi kusema mahali popote kwamba hakai benchi, akayafute maneno hayo kwa kinywa chake, mbele ya watu walewale.

Wakati huohuo, asikae ndani. Jumamosi saa kumi jioni tuko uwanjani kama kawaida, ule wa saruji wa Raskazone, ringi moja imepinda lakini tunacheza. Nina vijana wawili namba moja, mmoja ana mbio za ajabu lakini hajui kusimama, mwingine anaogopa kupiga kelele. Sijapata mtu wa kuwafundisha lini wapunguze kasi. Nina mechi ya kirafiki na vijana wa Muheza mwisho wa mwezi, na dakika nane za robo ya nne hazina mwenyewe. Mwambie aje na viatu na maji yake, asiulize nani anaanza. Nauli ya kurudi nitampa mimi.